Makande ya Watu Wawili

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu ambayo wengine wenu mnaikumbuka msijifanye, kulikuwa na mzee akiitwa Senkondo, huko milimani Upareni. Kazi yake ilikuwa kufungulia mji maji. Alfajiri anafungua koki kubwa ya serikali, jioni anaifunga. Ukioga, ni Senkondo. Ukipika, ni Senkondo. Mpaka siku moja wakamwambia, mzee, umechoka, nenda nyumbani, serikali itakulipa pensheni kila mwezi mpaka utakapoingia kaburini.

Akaenda nyumbani. Mle ndani walikuwa watatu: yeye, mkewe Nakiete, mgonjwa wa sukari, na dada yake mkubwa Yunisi, mjane, aliyemlea Senkondo tangu mama yao alipofariki. Mtoto wa pekee wa Senkondo na Nakiete, Mrutu, walimzika, na kile kiinua mgongo cha kustaafu kiliishia kwenye mazishi hayo. Kwa hiyo msije mkaniuliza watoto wako wapi.

Serikali, tuseme ukweli, ilitimiza ahadi. Kilichokuja mwezi ule wa kwanza ndicho kilichokuja mwaka wa pili, ndicho kilichokuja mwaka wa saba, ndicho kilichokuja mwaka wa kumi. Hakikupungua, hakikuongezeka. Ila dukani hawakuwa na habari hiyo. Unga ukapanda, Senkondo akaacha nyama. Mafuta yakapanda, akaacha samaki. Dawa za Nakiete zikapanda, wakaacha maziwa. Mwisho ikabaki sufuria moja ya makande, mahindi na maharage basi, tena jioni kwa jioni.

Senkondo akaenda ofisini kuuliza. Akamkuta karani, kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona pensheni yangu haisogei?"

"Mzee wangu, yako haijapunguzwa hata senti."

"Sijasema imepunguzwa. Nimesema haitoshi."

Karani akatazama makaratasi, akatazama tena. "Lakini haijapunguzwa, mzee."

Sasa utabishana vipi na mtu kama huyo? Senkondo akarudi kwa miguu, akaanza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, kwa mgongo ule ule waliomwambia kuwa umechoka. Alichopata kilitosha dawa za mkewe, hakikubaki kitu.

Ndipo uongo ulipoingia nyumba ile. Jioni moja Senkondo alichungulia sufuria, akaona makande ya watu wawili. Akasema, "Mimi nimeshakula. Huko shambani wametupikia." Nani amempikia? Kesho yake Yunisi akasema, "Mimi nimeshakula, wifi. Kwa jirani nimekuta ndizi, wakaning'ang'aniza." Ndizi zipi? Keshokutwa Nakiete naye akasema, "Kuleni nyie, mimi nimeshakula hapa hapa jikoni. Ushaona mpishi akafa njaa?" Uongo mtupu.

Wakaenda hivyo, mmoja mmoja, kwa zamu wasizopangiana. Mpaka jioni moja wote watatu wakawa wameshakula. Sufuria ikafunikwa. Kila mmoja akalala tumbo tupu, moyo mweupe, akiamini wenzake wameshakula kweli.

Asubuhi Nakiete akameza dawa zake, akainama kuchochea moto, akaanguka. Senkondo akakimbilia sufuria apate chochote cha kumtia mdomoni. Akafunua. Makande yalikuwa vile vile, hayajaguswa, yamechacha. Alilia, jamani. Mtu mzima, upawa mkononi.

Jirani akaleta maji ya sukari, wakamnywesha kidogo kidogo, wakamkimbiza zahanati. Nesi akauliza, "Jana alikula nini?"

"Alisema ameshakula."

"Na wewe, mzee?"

"Nilisema nimeshakula."

Nesi akamgeukia Yunisi. Yunisi akainamia kanga yake.

"Nisikilizeni, wazazi wangu," nesi akasema. "Dawa hizi zinashusha sukari, hazitaki tumbo tupu. Kila jioni ashibe. Akianguka hivi tena, huenda msimwinue."

Walipofika nyumbani Senkondo akasema, "Kuanzia leo, neno nimeshakula silitaki nyumbani kwangu." Wakakubaliana. Jioni ile wakagawana makande mafungu matatu, sawa sawa. Kulipokucha Nakiete anatetemeka mikono hata kikombe hakishikiki, na Senkondo jembe limemshinda kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo wewe hapo nyuma uliyekuwa unataka kusema wagawane, nyamaza. Waligawana.

Jioni ya pili sufuria ikateremshwa. Nakiete akapakua sahani mbili, zikajaa, sufuria ikabaki nyeupe. Wakakaa wanatazamana.

Yunisi akaanza. "Wifi ale, ni mgonjwa. Na wewe Senkondo ule. Usipokula hulimi, usipolima dawa hatununui. Mimi nimekula miaka mingi, inatosha."

"Wifi, acha maneno hayo," Nakiete akasema. "Ulijinyima wewe ukamkuza huyu, ndiyo nikapata mume. Leo nile, wewe unanitazama? Kitapita vipi kooni? Anayemaliza pato la nyumba hii ni mimi na madawa yangu. Kuleni nyie, mniache mimi."

"Nikuache vipi?" Senkondo akasema. "Umesikia nesi alivyosema. Kula wewe, ale na dada. Mimi bado nina nguvu."

"Nguvu zipi, Baba Mrutu? Jana umerudi unashika ukuta."

"Basi nitashika ukuta."

"Na ukifa?" Yunisi akapaza sauti. "Ukifa wewe pensheni imekwisha! Tutakuzika wewe, kisha atuzike nani sisi?"

Hapo Senkondo akazisogeza sahani katikati. Akamtazama mkewe, akamtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza alitamani ule uongo urudi, maana ulikuwa na huruma. Alikuwa amechoka. Si kulima, kulima alikuzoea. Amechoka kupima watu aliowapenda kama anayepima mahindi.

Haya. Sahani ni mbili, watu ni watatu, na uongo umekatazwa. Msinitajie karani, karani kwake kashakula. Makande yanapoa. Nimewaeleza kila mmoja alivyosema, sikuficha kitu. Je, nani alistahili kula? Na yule wa tatu, nani kati yenu atakwenda kumwambia?