Meno ya Mzee Lusangija

"Penye mche mchanga, moshi hukaa nje." Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, na sasa mnataka kujua nimeyatoa wapi maneno hayo. Kaeni basi, na wewe Sizya weka simu chini. Methali hii ilianza hivi.

Huko Urambo wanakolima tumbaku alikuwapo Mzee Lusangija, msemaji wa ukoo. Harusi haikunoga asiposimama yeye. Meno yake mawili ya mbele yakang'oka, ikawa kila akisema "salamu" kinywa kinapiga mluzi. Watoto walicheka, naye akacheka nao. Lakini binti yake Milembe alipochumbiwa, kicheko kilimkauka. Aliogopa kumwaibisha mwanawe mbele ya wakwe.

Akaenda Tabora mjini kwa daktari wa meno. Daktari akamweleza kuwa atamwekea skrubu ndani ya mfupa wa taya, na mfupa ukishazishika baada ya miezi kadhaa, meno mapya yatafungwa juu yake.

"Ila sigara uache, mzee. Moshi unapunguza damu kwenye kidonda, na mfupa hautashika."

Mzee aliitikia vizuri kabisa. Alipofika nyumbani akajisokotea tumbaku yake mwenyewe, akaivutia kwenye pembe ya mdomo ili moshi usifike mbele. Moshi gani huo unaojua mipaka? Fizi zikavimba, skrubu zikalegea, daktari akazitoa. Akasema kidonda kikipona atajaribu tena, lakini si kwa mvutaji. Lusangija alirudi amenuna, akidai daktari yule anawaonea watu wivu kwa starehe zao.

Asubuhi moja alikuwa kitaluni na mkewe Nyamizi, wakimwagilia miche ya tumbaku. Kibarua wao, Shija, akaja na sigara mdomoni.

"Toka kitaluni," mzee akamkemea. "Hujui kwamba hapa havuti mtu? Vidole vya mvutaji vinaleta ugonjwa wa majani. Miche hii bado michanga, ikiugua tumekosa shamba zima."

Shija akatoka mbio. Nyamizi akaendelea kumwagilia.

"Umesema kweli, Baba Milembe," akamwambia. "Na kitalu cha mdomoni mwako anakilinda nani?"

Mzee akatoa kifuko cha tumbaku mfukoni, akampa mkewe.

"Nifichie. Na nikikuomba, ninyime."

Aliomba sana, akanyimwa sana. Siku zile alikuwa mkali hata kuku walimkwepa. Lakini skrubu za pili zilishika, na meno yakafungwa kabla ya harusi.

Siku yenyewe alisimama akasema mpaka wakwe wakasahau chakula, na mluzi haukusikika hata mara moja. Milembe alilia kwa furaha. Mzee alipoketi, shemeji yake Kapongo akamsogezea sigara na kumnong'oneza.

"Meno yameshapona, shemeji. Vuta, nami nikusimulie vituko vya mama yake bwana harusi."

Lusangija alitamani vyote viwili, sigara na umbea. Kisha akawatazama maharusi waliokaa bega kwa bega, wameinamisha vichwa.

"Leo tumepanda pale, Kapongo," akasema. "Penye mche mchanga, moshi hukaa nje."

Kapongo akachukua sigara yake na maneno yake, akatoka.