Jina la Aliyerusha Dawa

Tulieni. Hii siyo hadithi ya kusikiliza huku unatafuna. Nimeitupa mbele ya watu wazima wenye ndevu zao, wakabaki wanazikuna tu, sembuse ninyi.

Upande huu wa Mto Nyalugo waliishi watu watatu wenye ndege moja. Msinitolee macho, ni ndege ya rimoti, ukubwa wa mbuzi aliyekonda. Jumapili wakiirusha uwanjani, wachezaji wenyewe waliacha mpira wakaangalia juu.

Ngolo alikuwa seremala. Mpe lile boksi jeupe linalokuja na friji, atakuchongea bawa jepesi mpaka ulishike kwa hofu.

Mhoja alikuwa msusi. Vidole gumba vyake vikikaa kwenye rimoti, ndege ilitii kuliko mtoto aliyeahidiwa soda.

Luhende alikuwa fundi baiskeli, na kazi yake ilikuwa waya. Ndani ya ndege mna vimota vidogo. Ukigusa rimoti vinazunguka, na waya ndio unaovuta kibao cha mkia. Luhende alitumia spoki. Ncha moja ina hesi tayari, ya pili aliipinda kwa plaizi ikaingia tunduni, kisha kila kiungo akakivisha kipande cha mpira wa valvu kisichomoke kwa mtetemo. "Ndege ni waya," alipenda kusema. "Mengine yote mapambo."

"Na mdomo wako je?" Mhoja alimjibu. "Nao pambo?"

Walikuwa na mwiko mmoja: aliyefunga waya hajaribu. Anajaribu rubani. Anachezesha rimoti, anautazama mkia, anasema "juu", anasema "chini", ndipo ndege iruke. Kwa nini? Kwa sababu aliyefunga huona alichokusudia, haoni alichofunga.

Masika hiyo mto ulifura, ukabeba daraja nusu, ukajaza mashimo yote, na nyoka wakahamia majumbani. Ng'ambo ya pili Kwilasa, mke wa Masunga, mwenye mimba ya kujifungua wakati wowote, akakanyaga kifutu mlangoni kwake. Zahanati ya kule ilikuwa na nesi, haina dawa. Ya huku ilikuwa na vichupa viwili vya dawa, haina njia. Simu ya Luhende ikalia.

"Fundi," alisema Masunga, "mguu umevimba mpaka pajani. Fanyeni mnachojua."

Ndege ilikuwa imefumuliwa mezani, haina waya hata mmoja.

Luhende alikata spoki mvua ikimpiga mgongoni. Akapinda, akakaza, akavisha mpira. Upepo wa siku ile ungechomoa waya wa mtu mwingine yeyote. Wa kwake haukuchomoka hata mmoja. Ila kile kipembe cha mkia kinachoshika waya, kwa haraka, alikifunga chini ya kibao badala ya juu.

Ngolo alivichukua vichupa. Havikuingia tumboni mwa ndege, basi akavifunga nje, chini ya tumbo, kwa ukanda wa mpira. Kisha akatambaa na ndege mkononi mpaka ncha ya daraja lililokatika, maji yakiunguruma chini yake, ili safari ya ndege ipungue. Upepo ulimsukuma, pangaboi la puani mwa ndege likamkata vidole viwili. Hakuachia. Alisubiri upepo utulie, damu ikimtiririka mpaka kwapani, ndipo akatupa.

Mhoja alisimama ukingoni na rimoti. Luhende alikuwa amemwambia, "Jaribu kwanza, dada."

"Mtu anakufa, nijaribu nini? Ngolo, tupa!"

Ndege ikainamisha pua. Mhoja akaivuta juu, ikazidi kushuka, ikapiga tumbo majini. Mwingine angevuta kwa nguvu zaidi. Yeye akasukuma chini, nayo ikapanda! Aliivusha mto wote kidole kikikana yote kiliyojifunza, akaitua kwenye kiwanja cha shule, Masunga alipokuwa akipunga kanga.

Wakakumbatiana. Jioni simu ikasema mtoto wa kiume amezaliwa, mzima. Asubuhi ikasema Kwilasa amefariki. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Mtoto apewe jina la aliyenirushia dawa." Alidhani ni mtu mmoja.

Kitovu kilipokatika, mto nao umeshapungua, Masunga akavuka kwa mtumbwi na mtoto hadi karakana ya Luhende, akawakuta wote watatu.

"Poleni na msiba," walimwambia.

"Tumeshapoa. Nimekuja kuchukua jina."

Luhende hakungoja. Hakuwa na mtoto, na mkewe alikuwa ameondoka kwa sababu hiyohiyo. Alitamani jina lake liitwe uani, likimbie, lijibu "naam"! "Bila waya zangu ndege ile ni boksi la friji tu," akasema.

"Waya za kinyumenyume!" Mhoja akadakia. "Ningekuwa mwingine, dawa ingenywewa na mamba."

Ngolo akainua mkono wenye bendeji. "Mimi nimelilipia jina hilo. Hesabuni vidole."

Masunga aliwasikiliza, kisha akafungua pindo la kanga aliyombebea mtoto. Kichupa kilichopasuka kikaanguka mezani.

"Tumbo la ndege lilifika limelowa," alisema. "Nesi alichoma kimoja kilichobaki. Nilimuuliza kama cha pili kingemwokoa. Akasema hajui. Sikuja kulaumu mtu. Nimetaka mjue kabla ya kunijibu."



"Mimi ndiye niliyevifunga nje," Ngolo alisema. "Mpe jina la Mhoja."

"Mimi ndiye niliyekataa kujaribu. Mpe la Luhende."

Luhende alimtazama mtoto. Bado alitaka jina lake lipewe mtoto, na aliona aibu kulitaka. Kila atakapoitwa Luhende, baba yake atakumbuka nini, waya zilizoshika au kipembe kilichogeuka? "Mpe la Ngolo," akasema polepole.

"Hapana," alisema Masunga. "Mke wangu ameacha wosia mmoja tu. Siondoki na mtoto asiye na jina."

Na hapo ndipo wamekaa, mtoto analia na hawajui wambembeleze kwa jina gani. Ninyi mnaojua kila kitu, niambieni: apewe la nani? Na kama mkono mmojawapo ungekuwa wako, ungekubali mtoto yule aitwe kwa jina lako?