Mama na Pikipiki Iliyochakaa

Ilikuwa tarehe kumi na moja Aprili, saa kumi jioni, pikipiki kuukuu ilipoingia uani kwa mwenyewe ikikohoa. Mwenyewe alikuwa mkulima mmoja wa alizeti. Alikuwa amemwazima mdogo wake pikipiki hiyo akamlete mama yao kutoka kwa dada yao, aliyeolewa mkoa wa mbali. Mama alikuwa mgonjwa, na aliomba jambo moja tu: akafie kwake, hapo alipoishi na huyo mkulima. Mvua zilikuwa zimekata barabara, mabasi hayapiti. Basi yule kijana akamfunga mama kwa kanga mgongoni mwake, kama yeye alivyobebwa zamani, wakaja hivyo, polepole, wakilala njiani.

Mkulima akatoka ndani, akaizunguka pikipiki yake. Shokapu zinavuja oili. Spoku zimekatika. Ekzosi imefungwa kwa waya.

"Umeichinja," akamwambia mdogo wake.

"Kaka, msalimie mama kwanza."

"Mama namwona. Mimi nauliza shokapu."

Mama alikuwa ameketishwa kwenye kigoda, karibu na gurudumu. Akacheka kidogo. "Usimgombeze mwenzako. Mimi na hiyo pikipiki tumechakaa pamoja, ila yenyewe ina fundi."

Mkulima akachuchumaa kuukagua mnyororo, kichwa chake karibu na magoti ya mama.

Sasa nisikilizeni. Macho ya yule mama yalikuwa na ukungu, aliona vivuli tu. Na kwao mtoto hamsalimii mzazi akiwa amesimama wima, hushuka chini. Mama alipoona kivuli cha mwanawe kimeshuka mbele yake, alinyoosha mkono, akapapasa, akauweka juu ya kichwa chake.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba sana."

Mkulima akaganda, vidole vimejaa grisi. Kisha akasema, "Shikamoo, mama."

"Mbona umeshanisalimia?"

Kabla jua la kesho yake halijachomoza, mama alikuwa ameaga dunia.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu hajawahi kuinamia mnyororo? Tunapiga magoti humu kanisani, watu wanadhani tunasali, kumbe moyo uko shambani, uko dukani, uko kwenye ugomvi wa jana. Yule mama hakujua. Lakini Mungu haoni vivuli. Anajua kabisa tumeinamia nini, na bado anatuwekea mkono kichwani, anaitika. Je, tutamwacha aitike peke yake mpaka lini? Na yule aliyeketi uani kwako leo, amechoka na safari, umemsalimia? Spoku zitapatikana mjini. Yeye hatapatikana.

Tuombe. Ee Bwana, wapokee mama zetu waliotutangulia, pamoja na huyu wa hapa kwetu tunayemlilia wiki hii. Njia yao ilikuwa ndefu, na miili yao ilichoka kwa ajili yetu. Wapumzishe kwako. Na salamu tulizochelewa kuwapa, Baba, uwafikishie wewe. Amina.