Mjane wa Dirishani

"Rangi ya mpakaji si vazi la mvaaji," alisema Bi Nunuu, akamrudishia mjukuu wake Rukia simu kwa hasira. Ndani yake mlikuwa na picha ya binti wa jirani, midomo imekolezwa rangi, na chini yake matusi ya watu, wengi wao wasiomjua hata jina. Wajukuu walikuwa wamecheka. Sasa Rukia akauliza msemo huo umetoka wapi.

"Mnacheka, na mwenyewe hamjamuuliza! Kaeni hapo," akasema bibi. "Methali hii ilianza hivi."

Zamani, picha zilipokuwa nyeusi na nyeupe tu, aliishi hapa Muheza mjane kijana, Mwanahawa binti Shomari. Mumewe alifariki akamwachia binti wa miaka miwili. Mwanahawa akakaa eda kama inavyotakiwa: kanzu nyeupe ya bafta, bila wanja, bila hina, bila hata kipini puani. Kazini kwa marehemu wakataka picha ya mjane kwa ajili ya mafao, basi Fundi Mbaraka, mpiga picha wa mtaani, akaja nyumbani akampiga vivyo hivyo alivyo, macho yamevimba kwa kulia.

Fundi huyu alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuiacha picha bila kuitia rangi. Alikuwa na rangi zake za mafuta na vijiti alivyovizungushia pamba, na mkono wake, tuseme haki, ulikuwa mwepesi. Picha ya kazini aliipeleka ilivyo. Nakala ya pili akajiwekea. Midomo akaipaka wekundu, macho akayatia wanja, kanzu ikawa damu ya mzee, na shingoni akachora mkufu wa dhahabu. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akaitundika kwenye dirisha la duka ili wateja waone ufundi wake. Mjane wa watu! Hata haya hakuona.

Siku ya soko mji mzima ulipita dirishani. Kabla ya adhuhuri, baba mkwe, Mzee Kombo, alikuwa mlangoni kwa Mwanahawa.

"Mwanangu hajamaliza miezi miwili kaburini, wewe unajipamba! Nikija unavaa bafta, nikigeuka unavaa dhahabu. Mtoto namchukua leo. Halelewi na mwanamke wa namna hii."

"Dhahabu gani, baba?"

"Picha iliyo dirishani kwa Fundi imesema. Picha ina sababu gani ya kukusingizia?"

Mwanahawa hakulia. Machozi yake yalikuwa ya mumewe. Akambeba mwanawe, akatoka mchana kweupe na eda yake hadi dukani, mzee akimfuata, na watu wakimfuata mzee.

"Fundi, nishushie picha yangu."

Fundi akaishusha huku akitabasamu. "Si umependeza, bibie?"

"Nilikuomba nipendeze?"

Akamkabidhi fundi mtoto. Akachukua chupa ya tapentaini, ile ile aliyofutia fundi makosa yake mwenyewe, akachovya pamba. Akafuta shingo, mkufu ukatoka na pamba. Akafuta midomo, ikabaki mikavu. Akafuta kanzu, bafta ikatokea nyeupe na mikunjo yake yote.

Mzee Kombo alitazama pamba ile nyekundu.

"Miaka sita, baba, umekula chakula cha mkono wangu," akasema Mwanahawa kwa ghadhabu. "Mwanao nimemuuguza ukiniona kwa macho yako. Ikaja picha ya dirishani, ukaiamini hiyo. Rangi ya mpakaji si vazi la mvaaji!"

Akamwekea pamba kiganjani. Akamchukua mwanawe, akarudi nyumbani kumaliza eda yake.

Siku ya soko iliyofuata, Mzee Kombo alisimama mbele ya dirisha lile tangu asubuhi. Kila aliyepita alimsimamisha, akamweleza alivyomsingizia mkamwana wake, akamwambia maneno yale yale aliyoambiwa. Jua lilimchoma mpaka soko likavunjika. Ndivyo methali ilivyoenea.

Rukia aliizima simu yake. "Bibi," akasema polepole, "mimi sikucheka tu. Na mimi niliandika tusi."

"Basi unajua pa kwenda kusimama."

Rukia akavaa viatu, akaelekea kwa jirani. Rangi ya mpakaji si vazi la mvaaji.