Shamba la Konani na Mifuniko ya Mvuleni

Hapo zamani, wala si zamani ya kutisha, maana mabomba ya simenti yalikwisha kufukiwa na watu walikwisha kuzoea kuyalaumu, palikuwa na mtaa ukiitwa Mvuleni. Chini ya Mvuleni ulipita mto, na mto huo uliitwa Kihondo. Wakati wa kiangazi Kihondo ulikuwa mto kama mito mingine. Masika ulikuwa kitu kingine, nami sitakitaja kwa jina lake, maana wengine wenu mmetoka kula sasa hivi.

Mvua ikinyesha, chemba zilifumuka. Chemba ni yale mashimo yenye mifuniko, yanamopita maji ya vyooni na ya jikoni kwenda zake. Zilifumuka nyuma ya nyumba, zikafumuka njiani, zikatapika mpaka mtoni. Mvua ikikatika, watu walifagia, wakamwaga jivu, wakailaani mamlaka ya maji, wakasubiri mvua nyingine. Mamlaka nayo ilikuja mara mbili ikaweka bomba kubwa zaidi, bila kumuuliza mtu yeyote kitu chochote, na mara mbili chemba zikafumuka vilevile.

Katika mtaa huo alikuwako mjane aitwaye Mwajabu, mkulima wa mchicha. Msimwonee huruma haraka, hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa na matuta kumi na manane kando ya mto, na akina mama wa sokoni waliisikia sauti yake kabla hawajamwona. Masika moja chemba zilifumuka, uchafu ukapita juu ya matuta yale siku tatu. Mwajabu aling'oa kila kitu akatupa. Akaotesha mchicha mwingine, wa kijani kweli kweli, akaupeleka sokoni. Wateja wakashika fungu, wakauliza, "Huu wa wapi, Bi Mwajabu?" Akajibu, "Wa Mvuleni." Wakalirudisha fungu taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto asije akaamka.

Basi akayaacha matuta ya mtoni, akahamia kijishamba nyuma ya nyumba yake, mahali palipobonyea katikati. Udongo ulikuwa hafifu, lakini ulimlisha. Na kila alipotazama mtoni aliliona Shamba la Konani, akaumia.

Shamba la Konani lilikuwa pale mto unapopinda. Udongo wake ulikuwa mweusi, na ukichomeka kijiti leo, kesho kutwa kina majani. Halikuwa la mtu. Lilikuwa la mtaa, na mtaa ulikuwa na desturi yake: shamba lile haliuzwi, halirithiwi, halikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja tu aliyeutoa mtaa kwenye shida, akalilima mpaka anaingia kaburini. Wa mwisho kulilima alikuwa amekufa miaka saba nyuma, na tangu hapo lilikuwa dimbwi la uchafu hata kunguru hawatui.

Siku moja mamlaka ya maji ikamleta injinia mpya, dada mmoja aitwaye Kabula. Akaja na ramani iliyokunjwa kwapani na mafundi wake wanne wenye sururu. Watu wakasema, bomba kubwa la tatu hilo. Lakini Kabula akawaambia mafundi wakae kivulini, akamwomba mwenyekiti wa mtaa, Bwana Lugano, awaite watu wote kwenye ghala la mahindi. Watu wakaja, maana wengi walidhani kuna vyandarua vya bure.

Kabula akatandaza ramani sakafuni, akapitisha ungo wa maharage. "Kila mtu achukue harage moja," akasema. "Liweke pale unapoyaona maji machafu yakitoka. Mimi nimechora nikiwa ofisini. Nyinyi ndio mnaokaa nayo."

Watu wakacheka, kisha wakapiga magoti. Harage hapa, harage pale. Walipoinuka, nusu ya maharage yalikuwa yamekaa mahali ambapo ramani haikuonyesha bomba lolote.

Mzee Chilumba akaguna. Huyu ndiye mzibuaji wa chemba wa mtaa ule, mwenye fito zake ndefu na buti zake za mpira. Chemba ikiziba aliitwa yeye, ikifumuka aliitwa yeye, na masika ndiyo ilikuwa mavuno yake. "Mwanangu," akamwambia Kabula, "karatasi yako imekosa chemba kumi na moja. Zilijengewa juu, zikasahauliwa."

"Unazijua zote, mzee?"

"Nazijua kama meno yangu."

Kabula akampa kalamu. Chilumba akaishika, wala asichore. Mwajabu aliyekuwa kando yake aliuona mkono ukisita, na sababu aliijua, maana hata mtoto angeijua: mtaa ukikauka, Chilumba angekula nini? Yule mzee akavuta pumzi. Akachora ya kwanza, akachora ya pili, akachora mpaka ya kumi na moja, na hiyo ya kumi na moja ilikuwa chini ya kibaraza cha duka la Bwana Lugano mwenyewe. Ghala zima likaangua kicheko, naye mwenyekiti akakohoa.

"Sasa niambieni," akasema Kabula. "Bomba hili ni la maji ya vyooni na jikoni. Mvua ikinyesha, nyinyi hamwendi chooni mara kumi. Haya maji yanayolijaza yanatoka wapi?"

Watu wakaanza kulikagua paa la ghala kama mafundi.

Kila mmoja alijua. Pale Mvuleni, maji ya mvua yakijaa uani, mtu alichukua mtarimbo, akafunua mfuniko wa chemba, maji yote yakaingia humo glu glu glu, ua ukakauka. Walifundishwa na mama zao, nao waliuona kuwa ni ujanja wa nyumbani, kama kuziba sufuria kwa unga. Ila kila mtu alidhani anafunua peke yake. Na kisheria lilikuwa kosa, unakatiwa maji.

Akasimama mwanamke mmoja, Tumpe, mpangaji wa nyumba ya tatu kutoka kwa Mwajabu na shoga yake wa siku nyingi. "Yanatoka kwangu," akasema. "Mimi nafunua. Kila masika nafunua." Hakuketi. "Na ile masika iliyozamisha bustani ya Mwajabu, nilifunua siku zote tatu. Maji yalikuwa yameingia chini ya kitanda cha mama yangu mgonjwa. Nikafunua, na nilijua yanaelekea wapi."

Mwajabu alihisi kichwa kimekuwa cha moto. Wiki ile ya msiba wa mchicha, Tumpe ndiye aliyemletea ugali na kisamvu. Walikula sahani moja. Walilia pamoja!

Kisha mwanamume mmoja nyuma akasema, "Na mimi." Mwingine akasema, "Na sisi." Mikono ikainuka. Kabula akahesabu nyumba thelathini na saba.

"Basi bomba kubwa si dawa," akasema injinia. "Dawa ni kuyatenga maji ya mvua. Yachimbiwe mfereji wake, yapate mahali pa kutua kwanza, kisha yateremke mtoni polepole. Mniambie, maji ya mtaa huu yakiachiwa yaende yanakotaka, huenda wapi?"

Hapo watu hawakuhitaji maharage. Shingo zote ziligeuka. Yalikwenda kwenye kijishamba cha Mwajabu, mahali palipobonyea.

"Fidia ya shamba lako itakuja," akasema Kabula, "lakini sitakudanganya, mama. Itachukua miaka, na masika iko wiki sita mbele."

"Hapana," akasema Mwajabu, akajifunga kanga, akaenda zake.

Usiku hakuwaza sana, alilala fofofo kwa hasira. Asubuhi ndiyo aliwaza. Alisimama kwenye kijishamba chake akajiambia ukweli: nikikataa, watafunua tena, na Konani itabaki dimbwi. Nikikubali, sina pa kulima. Akaenda ghalani, akawakuta wote.

"Chimbeni," akasema. "Tumpe sijamsamehe, na asiniletee kisamvu. Chimbeni tu. Ila nasema mbele yenu, nisije nikaonekana mnafiki: mto ukitakata, nalitaka Shamba la Konani."

Wakachimba. Mtaa mzima ulichimba, hata Bwana Lugano alibomoa kibaraza chake kwa mkono wake, akilalamika kila tofali. Wakachimba mfereji, wakachimba bwawa kwenye kijishamba cha Mwajabu, na karibu na kona ya mto wakaweka lango la chuma lenye ufunguo mmoja, la kuyaachia maji kidogo kidogo. Lango likichelewa kufunguliwa, nyumba zinajaa. Likiwahi mno, mto unajaa.

Masika ikaja, na ilikuja na hasira zake. Mvua siku tatu. Hakuna aliyefunua. Tumpe alitoa kigoda, akaketi juu ya mfuniko wake na mwavuli, asije mtu akashawishika, na wengine wakacheka, kisha nao wakatoa vigoda vyao. Bwawa lilijaa, mfereji ukanguruma, Chilumba akashinda langoni akilifungua na kulifunga kwa jicho lake la uzoefu. Siku ya nne watu waliteremka mtoni. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo tu. Mwajabu aliinama akayanusa, akafurahi mpaka akaona haya kufurahia kitu kama hicho mbele za watu.

Masika mbili zikapita salama. Maji safi ya mto yaliliosha Shamba la Konani, mtaa ukalilima na kuligeuza, injinia akapima udongo akasema umepona. Bwana Lugano akaita baraza. Atakayepewa shamba ndiye atakayeshika ufunguo wa lango, maana lango liko ubavuni mwa shamba.

Wengine wakamtaja Kabula, maana ndiye aliyeuliza. Kabula akacheka. "Mimi nina mshahara, na kuuliza ndiyo kazi yangu. Msinihonge mchicha."

Akasimama Mzee Chilumba. "Mlikuwa vipofu, nami niliwapa macho. Chemba kumi na moja nani alizijua? Nilizichora, na kwa kalamu ileile nikaifuta kazi yangu. Masika mbili sasa fito zangu zimeegemea ukuta. Lango nalijua, nimeliongoza tangu mwanzo. Nipeni ufunguo."

Mtu akamrukia, "Mzee, ulizijua miaka yote hiyo ukanyamaza, ukala kwa uchafu wetu!" Chilumba akajibu, "Ni kweli. Mwaka gani mliniuliza?"

Akasimama Tumpe. "Mlikuwa mabubu, nami niliwapa mdomo. Chemba zingechorwa hata mia, nani angejua maji yanatoka wapi? Nilisema peke yangu, thelathini na sita wakasema nyuma yangu. Na nyinyi hamkuadhibiwa, kwa kuwa mlikuwa wengi. Mimi mwenye nyumba alinitoa baada ya masika ile, akisema nimeitia nyumba yake aibu. Naishi chumba cha kuazima na mama yangu mgonjwa. Aliyesema kweli iliyomuumiza atasema kweli hata langoni. Nipeni ufunguo."

Mtu akamrukia, "Lakini wewe ndiye uliyeleta balaa!" Tumpe akamtazama, akauliza, "Mimi na nani?" Yule mtu akaketi.

Akasimama Mwajabu. "Mlikuwa na mpango wa karatasi, nami niliupa mahali pa kukaa. Macho mlikuwa nayo, mdomo mlikuwa nao, na maji yalikuwa bado hayana pa kwenda. Mwenzangu mmoja alikula kwa uchafu, mwingine aliumwaga. Mimi sikula, sikumwaga. Nilipoteza bustani ya kwanza kwa makosa yenu na ya pili kwa hiari yangu. Nipeni ufunguo."

Mtu akamrukia, "Bi Mwajabu, wewe ulitoa ukiwa umekwisha kulitamani la Konani!" Mwajabu hakuinamisha uso. "Nililitamani, nikasema kwa sauti. Wangapi hapa hutamani kimyakimya?"

Bwana Lugano akapendekeza wagawane. Baraza likaguna, maana desturi ilikataa, ufunguo ulikuwa mmoja, na vipande vitatu visingemtosha hata mmoja wao. Tumpe akamgeukia Mwajabu. "Shoga, nikipewa mimi, njoo tulime wote." Mwajabu alikuwa amemkumbuka Tumpe kuliko alivyotaka watu wajue. Hata hivyo akasema, "Siwezi kulima kwa ruhusa ya mtu aliyenizamisha. Nikipewa mimi, wewe utakuja?" Tumpe akasema, "Nije niwe kibarua wa kosa langu maisha yote? Sitakuja." Na Chilumba akasema yeye hajawahi kulima na mtu.

Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya vilima, na miche ikichelewa wiki moja zaidi msimu umepotea. Bwana Lugano alishika ufunguo, akautazama, akaona aibu kuushika.

Haya, nyinyi wenye kujua kila kitu, inukeni mmoja aupokee mkononi mwa mwenyekiti. Watatu hao wamesimama mbele yako: aliyejua na mwishowe akaonyesha, aliyekosa na mwishowe akasema, aliyekosewa na mwishowe akatoa. Mvua inakuja na lango linangoja mtu. Je, utamkabidhi nani?