Ngoma ya Siwatu

Aliyekataza ngoma asipige mbiu. Asubuhi mmemsikia bibi yenu akimrushia mjumbe maneno hayo, mkacheka, na sasa mnataka chanzo chake. Haya, sogeeni, na mtu asinikatize. Yalianza hivi.

Hapa Kilole alikuwapo mwanamke akiitwa Siwatu, mpiga ngoma wa sokoni. Ngoma aliachiwa na mama yake, na ndiyo iliyomlisha. Sasa, mwenyekiti wa mji, Bwana Shekiondo, nyumba yake ilitazamana na soko. Kelele zikamchosha, akatoa amri: marufuku chombo chochote cha kupaza sauti barabarani. Jamani, mji mzima unyamaze kwa ajili ya masikio ya mtu mmoja! Kesho yake mgambo wakaibeba ngoma ya Siwatu, wakaifungia bomani.

Siwatu hakulia. Alikasirika.

"Ningeambiwa nisipige karibu na wagonjwa, au watu wakisali, ningetii," alimwambia jirani yake muuza tangawizi. "Lakini kuninyamazisha kabisa? Thubutu!"

Wiki haijaisha, Shekiondo akataka watu wakutane kuhusu usafi wa soko. Akamtuma Kombo, mpiga mbiu wake. Kombo akasimama katikati ya soko, akapuliza pembe, vuuu! Siwatu akamvuta mgambo mkono.

"Mkamate!"

"Nani, Kombo? Mama, ile ni mbiu ya serikali."

"Amri ilisema chombo chochote. Ile ni nini, muhogo?"

Soko likaangua kicheko. Watu wakamsindikiza Kombo na pembe yake hadi bomani. Shekiondo akatoka amefura.

"Siwatu, unanifundisha kazi?"

"Nakukumbusha amri yako, Bwana Mwenyekiti. Ifungie na pembe, ikae na ngoma yangu. Au vitoke vyote viwili."

"Na nikikataa?"

"Basi mkutano wako kautangaze kwa kunong'ona."

Shekiondo akawatazama mgambo wake. Walikuwa wameinama, wanaficha kicheko. Akatoa ufunguo. Amri ikaandikwa upya: sokoni mchana, ruhusa; hospitalini na saa za sala, kimya; ngoma na mbiu sawasawa.

Siwatu akaipangusa ngoma yake kwa kanga, akaipiga pale pale kwenye ngazi za boma, Shekiondo amesimama anasikiliza.

Tangu hapo, mkubwa yeyote wa Kilole akitunga amri ya kuwabana wenzake tu, huambiwa usoni, kama mjumbe wetu alivyoambiwa leo: aliyekataza ngoma asipige mbiu.