Kisutu cha Bi. Mwanakombo na Deki Yenye Ghala

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzi tu, wakati kanda za video zilipoanza kufa na simu za mkononi zilikuwa bado ni za kuongelea. Hapo ndipo alipokuwapo Bi. Thureya wa Kibokoni, Mombasa, na shida yake moja: alikuwa amesahau sauti ya mama yake.

Uso hakuusahau, maana picha ya marehemu Bi. Mwanakombo ilikuwa ukutani na kila asubuhi aliipangusa vumbi. Sauti ndiyo iliyomtoka. Siku moja alikuwa jikoni akikuna nazi, akajaribu kumsikia mama kichwani mwake, vile alivyokuwa akimwita kutoka darini, na hakusikia kitu. Aliisukuma mbuzi ya kukunia pembeni, akalia mpaka mchuzi ukaungua.

Sauti hiyo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, napo ni kwenye kanda ya video ya kupamba kwa binti yake, Munira. Kwa yule asiyejua, kupamba ni siku ya wanawake peke yao. Bibi harusi huketishwa juu akatazamwa, mabuibui huachwa mlangoni, vichwa huwa wazi na dhahabu nje, na mwanamume hatii mguu. Kanda yake nayo ni hivyo hivyo: mwanamume haitazami, awe mume, awe mwana, awe fundi. Ndani ya kanda ile Bi. Mwanakombo alisimama na kisutu chake, ile leso ya harusi, kiunoni, akagonga pembe, akaimba vugo, wimbo wa harusi wa wanawake, na wanawake wote wakampokea. Mwaka uliofuata akafariki.

Bi. Thureya aliipenda mno kanda ile, na kupenda kwake ndiko kulikoiponza. Aliilaza kwenye sanduku la nguo za kutokea, na kila Ijumaa alipozifukiza nguo udi, aliifukiza na kanda. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na minne. Alipokuja kuitia kwenye deki yake kuukuu ya video, picha ilikuwa ni mvua tupu, na sauti ni ya mtu anayesugua sufuria. Akaichomoa upesi kabla haijadhurika zaidi.

Basi jioni moja, wanawake wa mtaani wamekuja kunywa kahawa, alikitoa kile kisutu cha mama yake, akakitandaza mapajani. Kilikuwa ni kile cha kale, chekundu na cheusi kwenye weupe. Kipande cha pili cha doti kilikwisha chakaa, kimebaki hiki kimoja. Akasema mbele yao wote, "Atakayenirudishia sauti ya mama, kisutu hiki ni chake."

Wanawake wakatazamana. Si kitu cha kutamkwa ovyo kile, na Bi. Thureya hakuwa mtu wa kumeza maneno yake.

Wa kwanza kujitokeza alikuwa Lutfiya, mke wa mwanawe. Lutfiya aliolewa katika nyumba ile Bi. Mwanakombo akiwa kaburini tayari, hakuwahi kumwona hata siku moja. Akasema, "Mama, kanda hii tusiipeleke dukani kwa mtu. Mashine ndiyo ije kwa kanda. Tunataka deki ya kurekodia DVD, tuiunge na ile kuukuu, turekodi wenyewe humu chumbani."

"Na ikija, itasoma zile filamu za Munira?" akauliza Bi. Thureya.

Swali la haki. Munira alikuwa Toronto, na kila mwaka alimletea mama yake diski za filamu za Kihindi alizozinunua huko, na kila diski ilipotiwa kwenye deki ya hapa ilitemwa. Lutfiya alikwisha kuuliza, akaambiwa dunia ya diski imegawanywa mafungu, na diski ya fungu la kule haisomwi na mashine ya huku, isipokuwa mashine iliyofunguliwa mafungu yote. Bi. Thureya alikuwa na rundo la filamu ambazo alizijua kwa picha za majalada peke yake.

Lutfiya akaingia madukani, na maswali yake yalikuwa ni matatu, hayakuongezeka wala hayakupungua.

Duka la kwanza lilikuwa na mashine mpya, yang'aa, ina taa za buluu. "Yasoma diski za kila fungu?" "Yasoma." "Ina matundu ya kupokea kutoka deki ya kanda?" "Inayo." "Ina ghala lake ndani, ile diski ngumu, irekodi hata kama sijatia diski?" Muuzaji akacheka, "Ghala la nini, dada? Watia diski, warekodi." Lutfiya akasema ahsante, akatoka.

Duka la pili lilikuwa na mashine nyembamba, nzuri kuliko ya kwanza. "Ina ghala ndani?" "Lipo, kubwa." "Ina matundu?" "Yapo." "Yasoma diski za kila fungu?" "Za fungu letu. Kwani wewe waenda wapi?" "Siendi popote. Wifi yangu ndiye aliyekwenda." Akasema ahsante, akatoka.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mumewe akamwambia achukue yoyote, hakuchukua. Wiki ya tatu, kwenye kibanda kimoja nyuma ya soko la Marikiti, akakuta mashine ya mtumba kutoka Dubai. Ilikuwa imekwaruzwa ubavuni, haina boksi wala kitabu cha maelezo, na rimoti yake imefungwa kwa raba. "Yasoma kila fungu?" "Yasoma." "Matundu?" "Hayo hapo." "Ghala?" "Limo." Akaijaribu kwa diski ya Munira aliyokuja nayo mkobani. Ilipocheza, akainunua.

Nyumbani walicheka. Zeyana, mdogo wake Bi. Thureya, mwanamke wa maneno mengi na subira haba, aliigeuza mashine huku na huku. "Wiki tatu watafuta, mwanangu, ndiyo warudi na hii?"

"Mamdogo, ndiyo hii," akasema Lutfiya, akaenda kutafuta kitambaa aifute.

Wa pili alikuwa Fundi Famau, aliyetengeneza redio na televisheni hapo mtaani kabla wengi wenu hamjazaliwa. Aliletewa kanda, akainusa, akamtazama Bi. Thureya. "Bibi, kanda hii yanukia."

"Ni udi, Fundi."

"Najua ni udi. Nimepata kuona kanda zenye mchanga, kanda zenye mende, na moja yenye uji. Ya udi ndiyo kwanza leo." Akaeleza kwamba moshi wa udi una mafuta, na mafuta yameganda kwenye utepe wote, mwanzo mpaka mwisho. "Ningeweza kuipeleka dukani kwangu nikairekodi kwa saa moja. Lakini kurekodi bila kutazama siwezi, na kutazama sitaki. Nitaisafisha. Utepe mtupu hauonyeshi uso wa mtu."

Akaisafisha siku sita. Alifungua kanda, akauvuta utepe shubiri kwa shubiri, akaupangusa kwa spiriti na kitambaa laini, akaukunja tena kwa kidole. Kazi zake nyingine zililala. Deki kuukuu nayo akaifungua na kuisafisha kichwa, ila raba yake ya kuvutia kanda ilikuwa imechakaa kidogo. Akaitazama, akasema itatosha.

Siku ya kurekodi ikawa Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Lutfiya aliunga nyaya. Bi. Thureya aliogopa kubonyeza pasipo, kwa hiyo rimoti ya mashine ya mtumba ikashikwa na Zeyana. Fundi Famau aliketi nje ya mlango, pazia limeshushwa, uso ameuelekeza barabarani, akawa anatoa amri kwa sauti.

"Leo kwanza muichezeshe tu," akasema. "Msirekodi. Nataka kusikia kama yapita salama. Ikifika mwisho, nitaisafisha deki tena, tuirudishe kanda mwanzo, ndipo turekodi. Ndivyo nifanyavyo kazi zangu zote."

"Haya, Fundi," akajibu Zeyana.

Kanda ikaanza. Mvua ilikuwapo kidogo, kisha ikatulia. Akaonekana Munira ameketi juu, hina mpaka viwikoni. Wakaonekana wanawake, wengine wako hai, wengine hawapo. Kisha akainuka Bi. Mwanakombo, pembe mkononi, kisutu kiunoni. Alipofungua kinywa, Bi. Thureya aliangua kilio kikubwa hata hakuisikia ile sauti aliyoitaka. Zeyana alimwambia anyamaze na yeye mwenyewe analia. Nje, Fundi aliposikia pembe zinagongwa, aliinuka akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, kwa sababu aliona kusikia nako si haki yake.

Wimbo ulipokwisha tu, deki ikakoroma. Picha ikasimama, ikapinda, ikazimika. Kabla televisheni haijafunikwa leso na Fundi hajaitwa kutoka ng'ambo ya barabara, deki ilikwisha meza utepe wote uliokuwa karibu, wimbo ukiwamo. Fundi aliifungua kwa bisibisi. Kilichotoka ndani ni vipande vipande, vimekatika na kusokotana, hakuna mkono wa mtu ambao ungeweza kuviunga.

Fundi Famau akaketi sakafuni. "Ni ile raba," akasema. "Niliiona, nikaiacha. Na ningewaambia mrekodi tangu mwanzo, mngekuwa nayo sasa. Nimekosa, Bi. Thureya."

Bi. Thureya aliinua macho kwenye picha ya ukutani. Alikuwa amempata mama yake kwa dakika chache na katika dakika hizo alikuwa akilia, sasa hana kitu tena, hana hata kumbukumbu ya kusikia.

Ndipo Zeyana akasema polepole, jambo ambalo si kawaida yake, "Mimi nilibonyeza kitufe chekundu."

"Lini?"

"Tangu mwanzo. Fundi aliposema msirekodi, nikabonyeza."

"Lakini ndani hamna diski," akasema Fundi. "Sikuwaambia mtie diski."

Lutfiya alichukua rimoti, akafungua orodha ya ghala la ile mashine ya mtumba. Ilikuwemo rekodi moja, haina jina, dakika thelathini na nane. Fundi Famau aliinuka bila kuambiwa, akatoka, akavuka barabara. Lutfiya akabonyeza. Safari hii Bi. Thureya aliziba kinywa chake kwa mikono miwili, na sauti ya mama yake ikamjia yote, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa kila mstari, kama ilivyokuwa. Akaisikia mara tatu siku ile. Alifurahi kwa namna ambayo hajapata kufurahi tangu mazishi.

Kesho yake akawaita wote watatu, kisutu kikiwa mapajani, akasema, "Nimeahidi kimoja, nanyi ni watatu. Kukikata ni kukifanya cha kufutia meza. Nambieni."

Zeyana ndiye aliyeanza, ni nani angemzuia? "Dada, kidole ni changu. Fundi alisema usirekodi, nami nikarekodi. Unajua kwa nini? Kwa sababu namjua mama. Mama hakuwa mtu wa kurudia jambo. Ukimkosa mara ya kwanza, umemkosa. Ningelikuwa mtiifu, leo tungekuwa tunaokota vipande."

"Mamdogo," akasema Lutfiya, kwa adabu lakini bila kuinamisha macho, "kidole kilibonyeza, kweli. Lakini ungelibonyeza ile mashine yenye taa za buluu ingekwambia tia diski, basi. Mlinicheka kwa wiki tatu za kutembea juani. Nyinyi mlikuwa mkimtafuta mama yenu. Mimi nilimtafuta mtu nisiyemjua, kwa sababu mama mkwe wangu alilia jikoni na mimi nikamsikia."

Fundi Famau alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. "Mimi makosa yangu nimekwisha yasema, siyafichi. Raba ile ni kosa langu, na amri ile ni kosa langu. Lakini bila siku zangu sita, hiyo mashine ingerekodi mvua, na hicho kidole kingebonyeza bure. Nina binti anayeolewa mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, na mama yake hakumwachia kitu cha kuvaa siku ya kupambwa." Akaigeuza kofia. "Na jambo moja jingine, Bi. Thureya. Hawa wawili wameisikia sauti ya marehemu. Watu wa mtaa mzima wataisikia, wanawake wote. Mimi peke yangu ndiye sijui nilichokiokoa, wala sitakijua."

Bi. Thureya akamtazama mdogo wake, aliyezaliwa na mama yule yule. Akamtazama mke wa mwanawe. Akamtazama mtu aliye mlangoni. Akakikunja kisutu, akakikunjua, akakikunja tena, na kahawa imepoa na wanawake wa mtaani wamejaa dirishani wakingoja.

Nami nimefika hapo, sisogei. Nyinyi mlioketi hapa mkinisikiliza, mmemwona kila mmoja na alichofanya na alichokosa. Basi inukeni mmoja mmoja mniambie: mikono ya Bi. Thureya imnyooshee nani kisutu kile?